Tunakuja Dar siku mbili na gari letu: gari lilale wapi, na sisi tulale wapi kwa bei ya kawaida?

"Habari za kazi. Sisi tunaishi Dodoma, tuna Noah. Mama yangu mzazi ana kliniki Muhimbili Jumatatu asubuhi, umri umeenda na magoti yanamsumbua, kwahiyo tumeona bora tuje wote na gari, mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 6 na 9, na mama. Tunafika Jumapili tunaondoka Jumanne. Mke wangu anataka apite Kariakoo kuchukua vitu vya duka lake. Bajeti ya kulala isizidi laki moja kwa usiku, wote. Sasa watu wametuchanganya, mmoja anasema tulale humohumo Kariakoo tusihangaike, mwingine anasema tulale Kibaha gari libaki huko, mwingine kasema mjini ukipaki ukarudi hujakuta karatasi kwenye kioo basi hudaiwi. Shemeji yeye kasema tukibanwa tulale ndani ya gari sheli. Wasiwasi wangu mkubwa ni gari maana ndo tegemeo letu, nasikia vioo vya pembeni vinang'olewa hata mchana kweupe. Naomba ushauri."

Salama ndugu yangu, na bi mkubwa mpe pole ya magoti. Nimekaa kwenye kazi ya kupokea wageni na kuwapangia safari hapa Dar muda mrefu, na swali lako nakutana nalo mara kwa mara kutoka kwa watu wa mikoani, ila lako lina uzito wake kwa sababu ya mama na hiyo kliniki, kwahiyo nitalijibu taratibu.

Nilivyokuelewa, unaogopa vitu vitatu kwa pamoja: gari lisiibiwe wala lisifungwe mnyororo, hela ya kulala isivuke laki, na mama asiteswe na foleni na ngazi. Sasa ushauri wote uliopewa unaanzia kwenye kitanda, halafu gari linatafutiwa pa kukaa baadae. Geuza. Anza kutafuta geti ambalo Noah italala ndani yake tangu Jumapili mpaka Jumanne bila kutoka, ukishalipata hilo geti ndo uulize vyumba. Dar kwa mgeni wa siku mbili gari ni la kuingilia na kutokea, siku ya katikati liache lipumzike. Ukikubali hilo moja tu, nusu ya wasiwasi wako unaisha, maana gari ambalo halijapaki barabarani halidaiwi ushuru, halifungwi mnyororo, na anayetaka kioo chake inabidi aruke ukuta kwanza.

Tuanze na Kariakoo. Huyo aliyekwambia mlale humohumo hana nia mbaya, kuna gesti nyingi na nyingine ni nzuri tu, ila hajawahi kuwa na gari pale saa mbili usiku. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya nyumba za chini za Kiswahili, viwanja vidogo vimebanana, na miaka ya karibuni hizo nyumba zimevunjwa yamepanda maghorofa yaliyokula kiwanja chote mpaka ukutani. Yaani pale mlango wa gesti unapoishia ndo barabara inaanza. Hakuna uwanja. Kwahiyo wakikwambia "paking ipo" mara nyingi wanamaanisha mbele ya jengo, barabarani, ambako mchana kuna ushuru na mikokoteni na watu wanaoshusha mizigo, na usiku gari lako liko mikononi mwa yeyote aliyepo mtaani. Ukitaka nafasi ya uhakika inabidi ulipie uwanja wa maegesho wa mtu binafsi, nayo hiyo ni hela juu ya hela ya chumba.

Sasa linganisha na Sinza au Kijitonyama. Kule viwanja vilipimwa kwenye ule mradi wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mitaa imenyooka, na mtu akijenga loji anabakiza uwanja na geti la gari kupita. Magomeni iko katikati, mitaa imepangwa ila viwanja si vikubwa, unakuta geti linaingiza gari mbili tatu tu basi, anayewahi ndo anayelala ndani. Manzese vyumba ni rahisi kweli lakini makazi mengi yalikua bila kupimwa, gari linaishia kwenye kichochoro. Ndo maana nasema usiangalie bei ya chumba kwanza, angalia mtaa ulipimwaje, ukijua hilo unajua kama gari lina pa kulala hata kabla hujapiga simu.

Kibaha nayo ina mantiki kwa mtu asiye na appointmenti ya asubuhi, vyumba nafuu, nafasi ya gari tele, hewa safi. Kwenu haifai. Kutoka Kibaha mpaka Upanga, iliko Muhimbili, ni kama kilomita arobaini, na Jumatatu asubuhi nusu ya Dar inaingia mjini kwa barabara hiyohiyo ya Morogoro. Imepanuliwa kweli kuanzia Kibaha mpaka Kimara na imesaidia sana, lakini ukishafika Kimara na Ubungo unabanwa palepale. Mama itabidi aamshwe saa tisa usiku ili awahi kliniki, baada ya siku nzima ya kukaa kwenye gari kutoka Dodoma. Magoti yake hayatakushukuru.

Mimi kwa hali yenu ningeangalia sehemu za namna mbili. Ya kwanza ni hosteli za taasisi za dini, ambazo watu wa mikoani wengi wanazisahau. Msimbazi Centre pale Ilala, barabara ya Kawawa, ni eneo la Kanisa Katoliki, kuna uwanja mpana ndani ya uzio, Kariakoo iko jirani, na Muhimbili nayo si mbali. Kurasini kuna hosteli za TEC, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki, nazo zina nafasi ya magari, ila barabara za kule zinaelekea bandarini, malori muda wote. Kule Posta kuna Luther House barabara ya Sokoine, halafu YMCA na YWCA, hizi zimekaa katikati kabisa na zina heshima yake, lakini hapo lazima uulize nafasi ya gari kwa msisitizo maana ni katikati ya mji. Huhitaji kuwa muumini wa dhehebu husika, unahitaji tu kuheshimu utulivu wa mahali. Shida yake ni moja, zikija semina na makongamano vyumba vinajaa vyote kwa mpigo, kwahiyo piga simu wiki mbili kabla, usisubiri ufike Chalinze ndo upige.

Ya pili ni loji za kawaida Sinza upande wa Shekilango, Kijitonyama, au Magomeni. Chumba selfu chenye feni kwa kawaida unakipata kwenye elfu ishirini na tano mpaka arobaini, ukitaka AC unaongeza, na bei inapanda inashuka kulingana na jengo lilivyo jipya. Vyumba viwili kwa laki moja vinapatikana bila kubanana. Kumbuka loji zetu zinatoza chumba, hazihesabu vichwa, lakini usinyamaze kuhusu watoto, sema mapema kwamba mko watano, mama na mtoto mmoja chumba hiki, nyie na mwingine chumba kile, maana kuna sehemu wanakataa watu zaidi ya wawili na utalijua hilo ukiwa umeshashusha mabegi. Beba na kitambulisho, daftari la wageni lazima ujaze.

Na hapa naomba unisikilize vizuri kuhusu mama, kwa sababu watu wengi wanauliza AC na wifi wanasahau vitu viwili ambavyo kwa mtu wa magoti ndo kila kitu. Chumba chake kiwe cha chini kabisa, loji nyingi hizi ni za ghorofa mbili tatu na hazina lifti. Na choo kiwe cha kukaa. Vyumba vingi vya bei hiyo bado vina choo cha kuchuchumaa, mhudumu atakwambia "ni selfu bosi" na ni kweli ni selfu, ila mama hatoweza kuinuka. Uliza kwa maneno hayohayo, choo cha kukaa au cha kuchuchumaa, na uombe picha kwa WhatsApp.

Ukishapiga simu, usiulize "kuna paking?" kwa sababu jibu ni ndio siku zote. Uliza gari linalala ndani ya geti au nje, geti linaingiza gari ngapi, Noah inapita bila kukunja mara nne, geti linafungwa saa ngapi na nani anakaa nalo usiku. Uliza pia kama magari yanapangana, moja mbele ya lingine. Hili lina maana yake, uwanja ukiwa mdogo, wa mbele hawezi kutoka mpaka wa nyuma atoke, ndo mlinzi anaomba ufunguo ili alisogeze alfajiri. Ufunguo usimpe. Mwambie kabisa gari langu halitoki mpaka Jumanne alfajiri, liweke ndani mwisho kabisa, nalo likikaa ndani mwisho ndo salama zaidi. Hiyo Jumanne itabidi waamshwe wenye magari ya nyuma, tutafika huko.

Kitu kingine, paking ya bure ya loji haina maana kwamba loji inalibeba gari lako likipata shida. Soma ukutani, karibu kila sehemu kuna kibao kimeandikwa gari linaegeshwa kwa dhamana ya mwenyewe. Mlinzi analinda jengo, na gari analitupia jicho kwa sababu liko ndani ya jengo. Kama bima yako ni ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga, kioo kikiibiwa unanunua mwenyewe. Kama una bima kubwa, piga simu kwa bima wako kabla ya safari umuulize vioo na taa vimo au havimo, na wewe unachangia kiasi gani kwanza kabla wao hawajalipa. Swali la dakika tano.

Kuhusu hao wang'oa vioo, nisikudanganye, wapo. Wanachukua kinachotoka haraka, kioo cha pembeni, taa, redio, begi lililoachwa kwenye siti. Kinga iliyozoeleka hapa ni kuchonga namba ya gari kwenye vioo vyote na kwenye taa, fundi anafanya kwa muda mfupi na Dodoma wapo, kioo chenye namba kinauzika kwa shida kwahiyo mwizi anapita kwenye gari la jirani. Njiani kwenye foleni, hasa mkiwa mmesimama jioni, madirisha yawe juu na simu isiwe inachezewa na mtoto karibu na kioo. Ndani ya gari kusionekane kitu, hata mfuko mtupu, maana mwizi hajui kama ni mtupu mpaka avunje.

Haya, hilo la karatasi kwenye kioo. Zamani ilikuwa hivyo, mtoza ushuru anaandika, anabana karatasi kwenye waipa, usipoiona basi. Siku hizi ushuru wa maegesho ya barabarani umeingia kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ulianza kusambazwa mwaka 2021. Mkusanyaji anapita na kimashine, anaingiza namba ya gari lako, na deni linakaa kwenye namba ya gari. Karatasi ikipeperushwa na upepo, au mtoto akaichukua, deni halijaenda nayo. Linakusubiri, muda wa kulipa ukipita linaongezwa faini, na mtu anakuja kushtuka miezi mbele akitaka kuuza gari. Kwahiyo ukipaki barabarani popote Dar hata nusu saa, jioni yake ingia kwenye mfumo au piga *152*00# ambayo ni menyu ya huduma za serikali, angalia deni kwa namba ya gari, utapewa namba ya malipo, lipa kwa simu. Usimpe mtu hela mkononi hata akiwa na kizibao kinachong'aa. Malipo halali yanapita kwenye namba ya malipo na unapata meseji, hela ya mkononi haifuti kitu kwenye mfumo.

Wale vijana wanaokuelekeza "njoo njoo, kata, kata" halafu wanakwambia "nakulindia bosi" sio watu wa TARURA. Ukiona vema mpe buku yake kwa kazi ya kukuelekeza, wengi ni watu wazuri na kweli wanalitazama gari, lakini huo sio ushuru, na wa TARURA akipita deni linaandikwa vilevile. Kijana akikwambia hapa hawaandiki, angalia kama kuna mistari ya maegesho chini na kibao, na kama hakuna ndo uogope zaidi, maana huenda ni sehemu ya kuvutwa na brekdauni, na hiyo gharama ukilinganisha na ushuru wa saa moja ni mbali sana.

Sasa Jumatatu yenyewe. Najua kichwani kwako picha ni kwamba utamuendesha mama mwenyewe mpaka mlangoni, maana ndo sababu ya kuja na gari. Nakuomba ufikirie tena. Muhimbili asubuhi ya Jumatatu ni msongamano, nafasi za magari ndani ni chache kuliko wagonjwa, na kitakachotokea ni utamshusha mama mlangoni, utaondoka kutafuta pa kupaki mitaa ya Upanga, na yeye atabaki peke yake na faili mkononi hajui aende dirisha gani. Bora uite Bolt au teksi ya jirani na loji, kutoka Ilala au Magomeni ni mwendo mfupi, mnashuka wote wawili, unamuombea kiti cha magurudumu, unakaa nae mwanzo mpaka mwisho. Nauli ya kwenda na kurudi utaiona kubwa mpaka ukumbuke kwamba hujalipa ushuru wala hujazunguka saa nzima. Ondokeni mapema kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ila kama mama anaumwa kiasi kwamba lazima alale njiani, au ana vifaa, hapo endesha mwenyewe, mke wako aende nanyi, abaki na mama wakati wewe unahangaika na gari.

Watoto, kama kuna shangazi au jirani wa kuwaachia Dodoma siku tatu, waacheni. Nasema hivyo kwa sababu kliniki na Kariakoo zote mbili sio mahali pa mtoto wa miaka 6. Kama hawana pa kubaki basi Jumatatu asubuhi wakae loji na mama yao, wewe na bibi yao mkirudi mchana mnapumzika na watoto, mke wako ndo anaenda Kariakoo jioni.

Na aende bila gari. Kutoka Magomeni au Shekilango kuna mwendokasi, ile njia ilianza 2016 na inaingia mpaka Gerezani na Kivukoni, ukikuta siku hiyo inasumbua au foleni ya watu ni ndefu achukue Bolt. Kutoka Ilala hata bajaji inatosha. Mzigo usimtishe, Kariakoo mzigo haubebwi na mnunuzi. Anapanga na maduka wamfungie, anakusanya sehemu moja, halafu anaita kirikuu au guta inaleta mpaka loji, wanapatana bei kabla ya kupakia. Na kama mzigo ni mkubwa kuliko nafasi ya Noah, kwa watu watano na mabegi sioni mkipakia zaidi ya vifurushi vichache, sehemu nyingine aitume kwa basi, kuna ofisi za vifurushi na mzigo unafika Dodoma kabla yenu. Msilijaze gari mpaka mama akose pa kunyoosha miguu, kwenye safari ya masaa nane hilo ndo litakalomuumiza kuliko kitu chochote.

La shemeji la kulala kwenye gari sheli. Kwa dereva wa lori aliyezoea ni kitu cha kawaida, kwa familia yenye mzee na watoto hapana. Joto la Dar usiku sio la Dodoma, mtataka vioo wazi, mbu wataingia na sio mbu tu. Mkifunga vioo mkawasha injini ili AC ifanye kazi, hapo ndo kuna hatari yenyewe: moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, gari likiwa limesimama sehemu iliyozibwa, au bomba la moshi likiwa na tundu, inaingia ndani taratibu, mtu aliyelala haamki. Na mama mwenye magoti akikaa usiku mzima miguu imekunjwa, asubuhi daktari atamkuta na shida mpya. Chumba cha elfu thelathini ni nafuu kuliko hayo yote. Mkikwama usiku kweli, ingieni loji yoyote yenye uwanja pale Mbezi au Kimara mlale, asubuhi muendelee.

Ili msikwame, ondokeni Dodoma saa kumi na moja alfajiri Jumapili. Kwa vibao vya hamsini kila kijiji na malori kuanzia Chalinze, utafika kwenye saa saba saa nane mchana, hata bila haraka. Faida ya kufika mchana ni kwamba unaona chumba kabla ya kulipa na unawahi nafasi ya gari, hizi nyua zinajaa kuanzia saa mbili usiku, ukija saa nne chumba kipo ila gari linalala nje. Kama mnakuja kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, ongeza swali moja: mtaa unajaa maji? Bonde la Msimbazi likifurika barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na mtu wa Magomeni anakatwa na mjini, kwahiyo miezi hiyo ningechagua Ilala upande wa juu. Na gari lisilale kwenye uwanja ulio chini ya barabara.

Kabla sijaenda mbali, nikuulize kitu ambacho huenda hamkukifikiria. Lazima gari? Treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024. Nauli iliyotangazwa ilipoanza, daraja la kawaida, ni 31,000 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu. Watu wazima watatu na watoto wawili inakuja 124,000, kwenda na kurudi 248,000. Noah kwa karibu kilomita 900 za kwenda na kurudi, ukichukulia lita moja kilomita kumi, unahitaji lita 90, kwa elfu tatu hivi kwa lita ni kama 270,000, angalia bei ya mafuta ya mwezi huo inayotangazwa na EWURA. Kwahiyo hela inakaribiana. Tofauti ni kwamba kwa treni mama anakaa masaa kama manne badala ya nane, anaweza kusimama akanyoosha miguu, choo kipo, na suala la paking linafutika kabisa kwenye karatasi, unachagua loji kwa ajili ya mama peke yake. Upande wa pili, kwenye stesheni kuna kutembea na kubeba, tiketi za wikiendi zinawahiwa, na mzigo wa Kariakoo mwingi haupandi nao. Kama lengo la kwanza ni kliniki, mimi ningepanda treni na mzigo nikautuma kwa basi. Kama duka ndo linabeba uzito, njooni na gari. Hilo mnalijua nyie, kaeni muamue, na mama mumuulize yeye mwenyewe anaona lipi.

Kuna vitu ambavyo mimi wa kuandika siwezi kukusaidia, inabidi mtu awepo. Kama mna ndugu yeyote Dar, hata wa mbali, mtume akaone chumba na geti siku mbili kabla, atakuona mengi ambayo picha haionyeshi, kwa mfano baa ya jirani inayopiga muziki mpaka saa nane. Usitume hela yote ya chumba kabla ya kufika, tanguliza usiku mmoja kwa namba ya biashara na uombe meseji ya kuthibitisha. Ukikuta deni la maegesho ambalo unaamini si lako, tarehe ambayo gari lilikuwa Dodoma, nenda ofisi ya TARURA na kadi ya gari, hapohapo Dodoma kwenu wapo, usibishane na mkusanyaji barabarani. Kitu kikiibiwa, nenda kituo cha polisi cha karibu siku hiyohiyo uchukue RB, ile namba ya taarifa ya polisi, bila hiyo bima hawatakusikiliza, na piga simu bima kabla hujapeleka gari kwa fundi. Na kama kliniki ikaishia mama kuambiwa arudi baada ya siku chache, au akalazwa, usianze kulipa loji siku kwa siku kwa kuogopa, muulize nesi wapi ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali, hao wanajua familia zinazotoka mikoani hukaa wapi.

Jumatatu usiku mzigo wa Kariakoo usipakiwe kwenye gari, ulale chumbani kwenu, na kabla mlinzi hajaanza kusinzia mwambie mnatoka saa kumi na moja alfajiri ili apate namba za vyumba vya wenye magari yaliyo nyuma yenu na awaombe wasogee usiku uleule. Lipeni kila kitu jioni, mapokezi alfajiri huwa amelala. Mkitoka saa hiyo foleni yote inakuja mjini nyie mnatoka, Kimara mnaipita bila kusimama, na chai ya mama mnainywa Morogoro.